Mwaka Nilipomkuta Mama Mkwe Uzeeni

Tulimzika mama mkwe wangu mwezi wa nane, asubuhi mapema, kwa sababu huku kwetu Kapkatet mvua ya mwezi huo haikosi kufika mchana, na hakuna mtu anayependa kuona kaburi likijaa maji. Mchungaji alinipa maikrofoni akasema, "Mama Chebet, wewe ndiye ulikaa naye sana. Tuambie alikuwa mtu wa namna gani." Nikasimama mbele ya umati ule, nikasema alikuwa mama mwema, nilipougua alinipikia na kuniuguza, kisha sauti ikakatika nikaketi. Wanawake wa kanisa wakaanzisha pambio, ibada ikaendelea. Tangu siku hiyo nimekuwa nikijiambia kwamba nilisema kidogo mno. Kumpikia mgonjwa, mama wakwe wengi wamefanya. Lililotokea kati yangu na Tapsabei, na hilo ndilo jina lake ingawa sikuwahi kulitamka akiwa hai, lilikuwa jambo jingine. Lilitokea ndani ya mwaka mmoja, mwaka ambao niliuanza nikiwa sijafika arobaini na nikaumaliza mwili wangu ukiwa umenipita kwa miaka mingi.

Uvimbe niliukuta mwenyewe nikioga, kwenye titi la kushoto, mgumu kama punje ya mahindi makavu. Upasuaji sitausimulia, niliingia nimelala nikatoka nimelala. Ninachokikumbuka vizuri ni chumba cha kemo, ile dawa ya saratani, mwisho wa korido ndefu iliyonukia dawa ya kusafishia sakafu. Kulikuwa na viti vya rexini vya rangi ya kahawia, vimeelekezwa dirishani, na nje ya dirisha kulikuwa na chai, chai tupu, imeshuka bondeni na kupanda ng'ambo, wachumaji wamezama humo hadi kiunoni. Tulikuwa tunawatazama wakijaza vikapu huku sisi tukijazwa dawa kwa mishipa. Daktari wangu, Daktari Moraa, alikuwa mwanamke Mkisii, mdogo kwangu kwa miaka kadhaa, mwenye tabia ya kuvuta kiti na kuketi kabla ya kukuambia jambo lolote. Kabla ya dawa ya kwanza alinipima moyo, figo, ini, sukari, na mafuta ya damu. "Hizi dawa zina nguvu," aliniambia. "Nataka kujua uko wapi kabla hatujaondoka, ndiyo tukipotea tujue tulitoka wapi." Mafuta yangu yalikuwa sawa kabisa, na kolesteroli ni neno nililoliacha palepale hospitalini. Mimi nilikuwa nawaza nywele zangu.

Nyumbani kulikuwa na jiko la Mama, nyumba ndogo ya mbao nyuma ya nyumba yetu kubwa, kuta nyeusi kwa moshi wa miaka. Hapo ndipo nilipoishi mwaka ule, kusema kweli, kwa sababu chumbani nilikuwa nahisi kama ninangojewa nife. Mama aliniwekea kiti chenye mto karibu na moto. Kwenye rafu kulikuwa na vibuyu vyake vya mursik, maziwa yetu ya kugandishwa, vimepangwa kwa urefu kama watoto wa shule, na alipovisugua kwa mkaa wa mti wa senetwet harufu ile tamu ya moshi ilijaa chumba kizima. Kemo ilikuwa imeniachia mdomoni ladha ya msumari. Nyama ilikuwa msumari, chai ilikuwa msumari, hata maji. Mursik tu ndiyo iliyobaki na ladha yake, na Mama alipoligundua hilo alifurahi kama mtu aliyeokota njia msituni. Nilikuwa nakunywa asubuhi, mchana, jioni. Pamoja na mursik kukaja supu ya mifupa yenye mafuta yanayoelea juu, mayai ya kienyeji yaliyokaangwa, mboga za isagek zilizochemshwa na kuungwa kwa mafuta ya juu ya maziwa, ugali wa wimbi. Zile tembe nilizopewa za kuzuia kutapika zilinipa njaa ya ajabu, njaa isiyo na hamu, na Mama alikuwa anaijibu kwa sahani juu ya sahani. "Ugonjwa unakula," alikuwa akisema. "Sasa lazima tule mbele yake."

Wakati huo hatukuwa marafiki. Lazima niseme hivyo ili mambo yaeleweke. Tulikuwa tunaheshimiana, kama inavyotakiwa: nilimwita Mama, yeye aliniita Mama Chebet, na kwa miaka yote niliyokuwa nimeolewa na Wesley hatukuwahi kukaa tukaongea jambo lisilo la ng'ombe, watoto au kanisa. Alinilisha kwa bidii lakini bila maneno. Binti yetu Chebet na mdogo wake walikuwa bwenini, Wesley alikuwa fundi wa mashine kiwanda cha chai na zamu zake zilimrudisha akiwa amechoka, basi siku nyingi tulikuwa wawili tu, moto, na mlio wa kijiko kwenye bakuli.

Tulipofika katikati ya matibabu nilianza kuhisi kizunguzungu, na Daktari Moraa akaagiza nipimwe tena kila kitu. Siku ya majibu nilisindikizwa na Ledia, dada yake Wesley, ambaye anauza katika duka la dawa pale Kapsoit. Ledia ni mtu wa moyo mkubwa na mdomo wa haraka. Alikuwa amekuja na shali yangu, maji yangu, ndizi zangu, kila kitu. Daktari alivuta kiti. Kizunguzungu kilikuwa cha upungufu wa damu, alisema, na hicho kingetibika. Ila kulikuwa na jingine: mafuta ya damu yalikuwa yamepanda, yale mabaya yamezidi na yale mazuri yamepungua, na alitaka tuyafuatilie kwa sababu baadhi ya dawa zangu zinauchosha moyo. Alitaka kuendelea kueleza, lakini mgonjwa mmoja alianza kutapika vibaya upande wa pili akakimbia huko. "Tutaongea wiki ijayo," aliniambia akiwa amesimama tayari. Ledia hakungoja wiki ijayo.

Nilikuwa nimelala kitandani jioni ileile, dirisha limeachwa wazi kidogo, na jiko la Mama liko hatua chache tu kutoka dirisha hilo. Nikamsikia Ledia.

"Mama, unampa nini huyu?"

"Nampa chakula."

"Unampa mafuta! Mafuta ya maziwa, mafuta ya mifupa, mayai kila siku. Damu yake imejaa mafuta, nimesikia kwa masikio yangu. Saratani inamshika huku, wewe unamziba moyo huku. Unataka kumuua?"

Nilisikia kuni ikipasuka motoni. Kisha Mama akasema, kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake, sauti ndogo, "Ni hiyo tu ndiyo anaweza kumeza."

"Basi ameze kidogo! Aki Mama, hii si mambo ya zamani."

Nilijaribu kuinuka niende nikaseme kitu, chumba kikazunguka, nikarudi kulala. Ledia alipokuja kuniaga alikuwa na machozi machoni. Alikuwa anaogopa tu. Leo najua hivyo. Wakati ule nilimwona kama mtu aliyekuja kuzima moto wetu kwa ndoo ya maji.

Kesho yake Mama aliniletea kabeji iliyochemshwa, bila chumvi, na kipande cha ugali kama kidole. Aliiweka mezani, si mkononi mwangu, akatoka. Vibuyu vilikuwa vimeondolewa kwenye rafu. Kwa siku kadhaa tulikula hivyo, yeye akipika kama mtu anayetumikia kifungo, akiosha kila sufuria mara mbili, akinusa mikono yake. Kisha akamwambia Wesley kwamba binti yake mwingine, yule wa Ndanai, anahitaji mtu wa kumsaidia na mahindi. Wesley akampeleka. Mama hata hakuniaga, alisimama mlangoni, akaangalia kiti changu, akasema, "Basi," akaenda.

Jirani alikuja kunisaidia kupika, mwanamke mzuri, lakini nilikuwa nakula nikiangalia ukuta. Na wakati huohuo mwili wangu ulikuwa na siri yake. Siku zangu za mwezi zilikuwa zimekoma. Mwanzoni nilidhani ni uchovu, zitarudi. Badala yake ukaja moto: unaanza kifuani, unapanda shingoni hadi utosini, natoka jasho mpaka kitambaa cha kichwa kinalowa, halafu baridi inanishika natetemeka. Sikumwambia mtu. Wesley na mimi tulikuwa tumesema tutapata mtoto wa tatu, jina tulikuwa nalo tayari, na nilikuwa naona kwamba nikilitamka jambo lile kwa mdomo litakuwa kweli.

Nilimwambia Daktari Moraa peke yake, kwa sababu aliniuliza. Wiki iliyofuata nilikuwa nimekwenda kwake na swali moja tu. "Daktari, ni mursik iliyonipandisha mafuta?"

Alivuta kiti. "Kwanza niambie, siku zako unaziona?"

Nikatikisa kichwa. Nikamweleza na ule moto.

"Basi hapo ndipo tuanzie," akasema. "Kwa mwanamke ambaye alikuwa bado anapata siku zake, kemo mara nyingi inalaza mayai ya uzazi. Yakilala, homoni inashuka, na ile homoni ndiyo ilikuwa inakusaidia kuweka mafuta ya damu mahali pake. Mwanamke wa kawaida inamshuka polepole, kwa miaka. Wewe imekuangukia kwa miezi. Halafu dawa zenyewe zinavuruga ini namna linavyoshughulikia mafuta. Halafu zile tembe za kutapika, ni steroidi, zinaleta njaa na zinaongeza mafuta. Halafu umekaa sana, hutembei. Chakula kimo, sitakudanganya. Lakini kiko nyuma kwenye foleni."

"Kwa hivyo mama mkwe wangu hajaniua."

Akacheka. "Nani amesema hivyo? Mwambie aje nimwone. Na asikunyime chakula, unahitaji nguvu. Tutapunguza yale mafuta mazito tu, na utatembea. Kwa wengi mafuta hushuka kemo ikiisha. Siwezi kukuahidi, lakini tutapima."

Jumamosi Wesley alinipeleka Ndanai. Huko ni chini kidogo, jua kali kuliko kwetu, mahindi na ng'ombe, na sebule ya wifi yangu ilikuwa na vitambaa vya kufuma kwenye kila kiti hata kwenye redio. Mama alikuwa ameketi na ungo mapajani, anachagua maharagwe. Wesley akatoka kwenda kuangalia tairi. Mama hakuinua macho.

"Unakula?"

"Nakula."

"Nini?"

"Kabeji."

Mikono yake ilisimama kidogo, ikaendelea.

"Rudi nyumbani, Mama. Daktari anasema si chakula chako. Ni dawa."

"Daktari ni mtu wa heshima. Hawezi kumtukana mama wa mtu mbele yake." Akatupa haragwe bovu. "Ledia alisema kweli. Nilikuwa nakupa kifo kwa kijiko. Kaa na huyo jirani, yeye hana mkono mbaya."

Nilikuwa nimejiandaa na maneno yote ya daktari, homoni, ini, steroidi, na yote yakanitoroka. Moto ukaanza kupanda palepale. Nikavua kitambaa cha kichwa, kichwa changu kikiwa hakina unywele hata mmoja, nikajifuta jasho, nikasema, "Mama, siku zangu zimekoma. Hazitarudi labda. Na huu moto unaniwaka hivi mchana kutwa, na sijui la kufanya."

Akaweka ungo chini. Akaniangalia kama mtu anayeangalia barabara kuona ni nani anakuja.

"Wesley anajua?"

"Hapana."

"Unaanzia wapi? Kifuani?"

"Kifuani. Unapanda."

"Halafu baridi."

"Halafu baridi."

Alivuta kiti chake hadi magoti yetu yakagusana. "Mimi ulinishika nikiwa shambani," akasema. "Nikadhani ni malaria. Nikanywa dawa ya malaria, haikusaidia. Hakuna mtu alikuwa ameniambia, mama yangu alikuwa amekufa, na mama mkwe wangu hakuwa mtu wa kuulizwa." Akachukua kitambaa changu, akanifuta shingo kwa nyuma, pole pole, mahali nisipofikia. "Umenikuta huku mapema sana, mtoto wangu. Ningependa ungechelewa." Kisha akasimama, akaingia chumbani, akatoka na mfuko wake wa nguo.

Ilikuwa mara ya kwanza kuniita mtoto wangu. Tulilia kidogo, lakini si sana, kwa sababu wifi yangu alikuwa anakuja na chai.

Alikuja nami kliniki iliyofuata, amevaa koti lake la kanisa. Nyumbani tulikuwa tunaongea Kipsigis, lakini na Daktari Moraa ilibidi atoe Kiswahili chake cha soko, na alikitoa bila haya. "Mimi nataka kuuliza kitu moja. Hii mafuta ya damu, imetoka kwa maziwa yangu ama imetoka kwa hiyo dawa yako?" Daktari alimweleza yote upya, bila haraka. Mama alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa, na daktari alipofika kwenye kukoma kwa siku, Mama aliniangalia mimi, si yeye. Mwishoni akasema, "Sasa na mimi nipime. Kama maziwa inaua, ingeanza na mimi."

Akapimwa. Majibu yalitoka mchana: mafuta yake yalikuwa mazuri kuliko yangu kwa mbali. Sijawahi kumwona amecheka vile. Alipiga mapaja, akageuka kuwaambia wagonjwa waliokaa korido nzima, "Nimekunywa mursik tangu nizaliwe, na damu yangu ni safi kushinda ya huyu msichana!"

"Gogo, damu za watu hazifanani," Daktari Moraa alimwambia, akimwita bibi kwa lugha yetu na kujitahidi kutocheka. "Wewe umelima na kutembea maisha yako yote. Usiende kuambia kila mtu anywe."

Aliahidi. Jumapili kanisa zima lilikuwa linajua.

Vibuyu vilirudi kwenye rafu, lakini mambo yalibadilika, na yeye ndiye aliyeyabadilisha. Alikuwa anaengua mafuta ya maziwa na kuyapeleka kwa jirani. Isagek aliziunga kwa maziwa membamba, maharagwe yakachukua nafasi ya mifupa, mayai yakachemshwa. Mursik nilipewa kikombe kimoja, na nilipoomba cha pili aliangalia juu kama hajasikia. Ledia alipokuja, akiwa na chupa mbili za mafuta ya kupikia zenye picha ya moyo, Mama alimkaribisha, akampa kiti, akammiminia mursik kikombe kikubwa hadi ukingoni. Ledia alikunywa yote. Kisha akasema, "Nilikuwa naogopa, Mama." Mama akamjibu, "Najua. Hata mimi." Hayo ndiyo mapatano yote niliyoyasikia, na yalitosha.

Wesley nilimwambia mwenyewe, Mama alinilazimisha. "Siri ya tumbo haikai na mume nyumba moja," alisema. Tulikuwa nje, Wesley akitengeneza lango la zizi. Nilimwambia mtoto wa tatu hatapatikana. Aliendelea kupiga msumari hadi ukaingia wote, kisha akaweka nyundo chini. "Mimi nilikuwa naomba uishi," alisema. "Hilo lingine sikuwa hata nimefika kuliomba." Usiku ule hatukulitaja tena. Nimelihuzunikia jina lile peke yangu miaka mingi, na bado kuna siku nalihuzunikia.

Kutembea ndiko kulikokuwa kugumu zaidi. Daktari alikuwa amesema kila asubuhi, hata kidogo, na Mama alilichukua neno hilo kama amri ya Mungu. Chai ikishanywewa alikuwa anasimama mlangoni na shali mbili. Mwanzoni tulifika lango la jirani tu, nikashika mti wa uzio, na yeye akasimama pembeni akijifanya anachunguza ng'ombe wa watu. "Huyu ametunzwa vizuri," alikuwa akisema, mpaka nipate pumzi. Halafu tukafika kituo cha kupima majani chai, ambapo wakulima walitupisha na kutusalimia. Njiani tuliongea mambo ambayo mwanamke wa umri wangu haongei na mama mkwe wake: usingizi unaotoroka, ngozi inayokauka, mume anayekugusa na wewe unataka tu dirisha lifunguliwe. Alikuwa mchekeshaji mkubwa. Miaka yote ile nilikuwa naishi na mchekeshaji, na sikujua.

Kemo iliisha kabla ya mahindi kuvunwa. Nikaanzishiwa kidonge cha kila siku cha kuzuia saratani isirudi, nywele zikaota laini kama za mtoto, na Daktari Moraa akapima tena. Mafuta yalikuwa yameshuka, si mpaka yalipokuwa mwanzoni, lakini karibu. Siku zangu hazikurudi. Aliniambia moyo wangu utahitaji kuangaliwa maisha yangu yote, kama wa mwanamke mzee, na hadi leo nakwenda.

Asubuhi ya mwisho ninayotaka kuiweka hapa ni ya mwezi wa kumi na mbili, baada ya majibu hayo. Tuliamua kupanda mlima hadi kanisani, njia ambayo hatukuwahi kuimaliza. Ukungu ulikuwa bado chini, chai imelowa, na nilikuwa naongea, sikumbuki habari gani, mpaka nikaona kwamba hakuna anayenijibu. Nilikuwa nimefika juu. Niligeuka. Mama alikuwa mbali huko chini, amesimama, mkono kiunoni, anapumua, anachunguza ng'ombe wa watu, ingawa hapakuwa na ng'ombe hata mmoja. Kwa mara ya kwanza niliona jinsi alivyokuwa mdogo. Nilitaka kushuka nimfuate, lakini nilijua hangependa, basi nikavua shali nikaitandika juu ya jiwe ili apate pa kukaa.

"Unanikimbia!" alipiga kelele alipopata pumzi.

"Sikukimbii, Mama," nikamjibu. "Nakungoja."